Kamera Ishikwe na Nani? Mazungumzo na Akina Mama Siku ya Kutimiza Miaka 10 ya Kikundi



Taarifa ya Mweka Hazina tumeisikia wote, na makofi mmeshapiga, kwa hiyo sitairudia. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya kuhifadhi mila na desturi zetu kwa njia ya picha za video, na Katibu amenipa nusu saa. Nitajitahidi, ingawa mwalimu mstaafu akishapewa kipaza sauti ni kama mbuzi aliyekata kamba. (Kicheko)

Najua kwamba jambo hili hamkuliweka kwenye ratiba kwa ajili ya kupamba sherehe. Mezani kwa Mwenyekiti kuna barua. Wapo watu wa mjini wanaotaka kuja kurekodi ngoma zenu, na kumrekodi bibi yetu mfinyanzi akiumba vyungu. Watatoa pesa taslimu, nanyi mtatia saini karatasi. Baadhi yenu mnasema pesa ni pesa, tusaini. Wengine mnasema tutoe sehemu ya mfuko, tununue simu nzuri na vifaa vyake, turekodi wenyewe. Na wapo wa kundi la tatu, ambao sauti yao nimeisikia asubuhi pale nje kwenye masufuria ya pilau, wanaosema yote mawili ni upuuzi, fedha za kikundi ni za kukopeshana basi. Sikuja kuwaamulia, maana mimi si mwanachama. Lakini nina upande, na sitauficha: nasema kamera ishikwe na ninyi. Nitaeleza kwa nini, kisha mtaamua kwenye kikao chenu.

Nianze hapa hapa nyumbani. Wengi wenu mmepita Vugiri, pale juu ya Korogwe. Ni wangapi wanajua kwamba Vugiri iliwahi kuwa mahali pa kutengenezea sinema? Naona mikono miwili. Basi, mwaka 1935 Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na mwenzake G. C. Latham, waliweka pale makao ya mradi wa majaribio wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Walizizungusha kwa lori, wakitundika kitambaa cheupe na kuonyesha usiku, Tanganyika, Kenya, Uganda, na mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Maneno waliyatia kwenye sahani za santuri, ili filamu ile ile iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali. Zilikuwapo filamu za chai, za ngozi, za safura, za malaria kwa watoto wachanga. Ilikuwapo hata hadithi ya sungura na chui.

Sasa sikilizeni hili, ninyi watu wa kuweka na kukopa. Mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta! Ilikusudiwa kuwafundisha babu zetu kupeleka fedha posta badala ya kuzificha nyumbani. Somo lenyewe si baya, mimi mwenyewe nilikuwa na kitabu cha Posta. Lakini tazameni mambo yalivyopangwa. Aliyeigiza ni mtu wa kwetu, milima iliyoonekana nyuma yake ni milima yetu, jua lililomwangazia ni jua letu. Aliyeamua lipi lionyeshwe na lipi liitwe ujinga alikuwa mwingine. Hakuna aliyeelekeza kamera kwa bibi zetu waliokuwa wakicheza upatu na kulimiana mashamba kwa zamu, auulize: ninyi akiba yenu mnaiwekaje? Na zile filamu chache zilizobaki leo, ukitaka kuziona, zimehifadhiwa Uingereza. Hazikubaki Vugiri wala Korogwe.

Simlaumu marehemu. Ninachosema ni kwamba picha huenda na mtazamo wa aliyeishika kamera, na baadaye hukaa nyumbani kwa aliyeishika kamera. Hayo mawili hayajabadilika tangu 1935, hata kama lori limekuwa simu.

Na hata sisi wenyewe tulipoandika, tuliandika nusu. Tunacho kitabu cha Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi, kilichopigwa chapa na misheni ya Magila kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Ni kitabu cha thamani kubwa na nawasihi vijana wakisome. Kinatueleza Mbegha, kinatueleza Vuga na watawala wake. Lakini kitabu cha watawala si kazi yake kutueleza udongo wa kufinyangia huchimbwa upande gani wa kijito, huchanganywa na nini, na chungu hukauka siku ngapi kabla ya kukutana na moto. Hayo walikuwa nayo akina mama, na akina mama hawakuulizwa.

Niseme kidogo juu ya ufinyanzi, maana ndio uliotajwa kwenye barua. Huku kwetu kazi hii ni ya wanawake, mama humrithisha binti, au shangazi, au mke mwenza. Sasa binti yuko Dar es Salaam na sufuria ni rahisi. Sitaki tudanganyane hapa kwamba tutarudi wote kwenye vyungu. Mimi mwenyewe napikia gesi. Neno lenyewe nyungu, vijana wengi wa mjini walilijua mwaka 2020 tu, ile homa ilipoingia na kila mtu akajifunika blanketi kujifukiza. (Kicheko) Ila kazi ya bibi yule si chungu peke yake. Nilikaa naye siku moja nikamwuliza, "Bibi, unajuaje kwamba udongo umeiva?" Akaniambia, "Mwanangu, unasema wenyewe." Basi. Andika hilo kwenye daftari, mjukuu wako atasoma "udongo unasema wenyewe" na hatapata kitu. Lakini mrekodi akiukanda, uone kidole gumba kinavyobonyeza na kurudi, uone anapoacha, anapoongeza maji kwa ncha za vidole, anavyosikiliza chungu kilichokauka kwa kukigonga na ukucha. Mkono ule unajua mambo ambayo mdomo haujui kuyasema. Hapo ndipo video inapolizidi daftari, na hapo tu. Mambo mengine, kama majina ya koo na mipaka, daftari bado linatosha na ni rahisi zaidi.

Tangu kikundi hiki kianze, mmezika wafinyanzi wawili. Mmewachangia sanda na ubani kutoka mfuko wa jamii, Mungu awalipe. Yupo mmoja. Sitaki kulisema zaidi, mwenyewe yuko hapa mbele yangu na ananitazama. Shikamoo bibi.

Nimesikia hoja ya kwanza ya wanaopinga: "Sisi hatujui kamera, na wengine wetu hatukumaliza hata darasa la nne." Naomba niwajibu kwa kuwapeleka India, kwa sababu huko wapo akina mama wa vikundi kama ninyi waliolijibu jambo hili zamani.

Katika mji wa Ahmedabad kuna chama cha akina mama wafanyakazi wadogo wadogo, wauza mboga, wabeba mizigo, washona viraka, kiitwacho SEWA. Kilianzishwa mwaka 1972 na mama mwanasheria, Ela Bhatt, aliyefariki mwaka 2022. Mwaka 1974 wanachama 4,000 walitoa rupia 10 kila mmoja wakafungua benki yao ya ushirika. Shida ikawa saini: wengi hawakujua kuandika majina yao. Wakafanyaje? Kila mama alipigwa picha akiwa ameshika kibao chenye namba yake ya akaunti, na picha ile ikawa ndiyo saini. Mnaona? Picha ilianza kuwalindia pesa kabla haijawafanyia jambo lingine. Miaka 10 baadaye, mwaka 1984, akina mama hao hao walifundishwa kamera ya video. Miongoni mwao walikuwamo wasiojua kusoma kabisa. Vitufe walivikariri kwa alama na kwa vidole, kama mnavyokariri ninyi kitufe cha kutuma pesa kwenye kitochi. Wakatengeneza filamu ya wauza mboga wa soko lao, jinsi wanavyofukuzwafukuzwa na wenye mamlaka.

Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa vijijini. Kusini zaidi, jimbo la Telangana, karibu na mji wa Zaheerabad, kuna shirika liitwalo Deccan Development Society, la tangu mwaka 1983. Ndani yake wamo akina mama wapatao 5,000 katika vijiji kama 75, wengi wao wa tabaka la Dalit, ambao kwa mila za kule walidharauliwa kupita wote. Wana vikundi vyao vya kijiji, wanaviita sangham. Ardhi yao ni kavu, na watu wazima wote walikuwa wamekwisha kuwaambia waache mtama, uwele na ulezi, eti ni chakula cha maskini, wale mchele wa serikali. Wao wakarudi kwenye mbegu za bibi zao. Wanazihifadhi kwenye vikapu kwa majivu na majani ya mwarobaini, na mwanzoni mwa kila mwaka huzipakia kwenye mikokoteni ya ng'ombe iliyopambwa, wakapita nazo kijiji hadi kijiji kwa muda wa mwezi hivi, kwa nyimbo na ngoma.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 akina mama hawa walianza kujifunza video, na mwaka 2001 wakaunda chombo chao wenyewe cha habari. Mmoja wa waanzilishi wa shirika, P. V. Satheesh, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa mtu wa televisheni kabla ya kuja vijijini, na nadhani sifa yake kubwa ni kwamba alijua wakati wa kuiachia kamera. Mwalimu anafundisha: hii ni picha ya kutoka juu, hii ni ya kutoka chini, hii ni ya usawa wa macho. Akina mama wakayabatiza upya. Picha inayochukuliwa kutoka juu, ikimtazama mtu kwa chini, wakaiita picha ya patel, yaani ya bwana mwenye mashamba, kwa sababu ndivyo anavyomtazama kibarua. Ile ya kutoka chini ikitazama juu, picha ya mtumwa. Na ile ya usawa, macho kwa macho, kama watu walioketi chini pamoja, wakaiita picha ya sangham. Picha ya kikundi! Wakaona hiyo ndiyo yao.

Jamani, mimi nimefundisha miaka mingi, sijapata kusikia somo la kamera lililofafanuliwa vizuri kuliko hivyo, na halikutoka chuoni. Nawaomba vijana mtakaoshika simu: bibi akiketi kigodani, na wewe keti. Usimsimamie juu ya kichwa kama karani wa sensa.

Akina mama wale hawakuishia kwenye nyimbo na mbegu. Pamba ya mbegu mpya za maabara ilipoingia wilaya ya Warangal, waliwafuata wakulima msimu baada ya msimu na kamera zao, wakaonyesha hesabu za mkulima mwenyewe, alichotumia na alichopata. Watu walizibishania sana filamu zile, na mabishano yenyewe mnaweza kuyasoma. Ninachotaka mshike ni kwamba waliotoka kurekodi mbegu za bibi ndio hao hao walioweza baadaye kurekodi hasara ya jirani. Kamera iliyozoea kijiji haichagui kazi.

Hoja ya pili: "Hatuna fedha." Hapa niwapeleke kwenye baridi, kaskazini kabisa ya Kanada, kijiji cha Igloolik, cha watu waitwao Inuiti. Kule bahari huganda na jua hupotea wakati wa baridi. Wazee wao walipoletewa televisheni walipiga kura kuikataa, mara mbili, kwa kuwa hakukuwa na hata kipindi kimoja cha lugha yao. Waliikubali mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kuhakikishiwa vipindi vya Kiinuktitut. Sasa mchongaji mmoja wa kijiji hicho, Zacharias Kunuk, mwaka 1981 alichukua vinyago vyake vya mawe akasafiri mpaka Montreal, akaviuza, akarudi na kamera ya video. Hakusubiri mfadhili. Yeye na wenzake wakaja kutengeneza filamu ndefu ya hadithi ya kale ya kwao, Atanarjuat, yote kwa lugha yao, na mwaka 2001 ikapata tuzo ya filamu ya kwanza kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa.

Hiyo ni habari ya wanaume, na ndiyo huandikwa. Katika kijiji hicho hicho, mwaka 1991, akina mama walianzisha warsha yao ya video, ikaja kuitwa Arnait. Walikuwamo bibi, na walikuwamo mabinti. Mkanda wao mmoja wa mwaka 1993 unaonyesha wanawake wakiwasha taa ya jiwe inayotumia mafuta ya sili, wakaimba. Ndiyo hayo tu: taa, mikono, wimbo. Mtu wa televisheni angesema hapa hakuna kisa. Lakini taa ile ndiyo iliyokuwa jiko, ndiyo moto wa kukaushia nguo za watoto, na kuiwasha vizuri ilikuwa elimu ya mwanamke. Mwaka 2008 kikundi hicho kikatoa filamu ndefu, iliyoongozwa na Marie-Hélène Cousineau na Madeline Ivalu, Before Tomorrow, juu ya bibi na mjukuu wake. Walianza na taa. Sisi tuanze na chungu.

Kwa hiyo fedha. Nimepiga hesabu na Mweka Hazina, kwa bei za Korogwe. Simu moja ya kupangusa yenye kamera nzuri, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kanga, kigoda cha miguu mitatu cha kusimamishia simu, betri ya akiba, na diski mbili za kuhifadhia. Jumla haifiki mlichotumia leo kwa fulana na keki. Nasema tu! (Kicheko na makofi) Fulana ni nzuri, nami nimepewa yangu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ninyi mnaweza kuwafundisha wengine, hata hao wa India. Kasha lenu lina kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, na kasha lenyewe liko kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya kikao, kila shilingi inatajwa kwa sauti, kila hisa inagongwa mhuri kwenye kitabu. Kwa utaratibu huo mmekaa miaka 10 bila ugomvi wa maana. Mimi nasema picha za wazee wetu ziwekwe vile vile.

Maana yake nini? Maana yake, simu si kasha. Simu huanguka chooni, simu huibiwa stendi, simu mtoto hufuta. Kila mkirekodi, kabla ya kulala, picha zihamishwe kwenye diski mbili. Moja ikae kwenye kasha, nyingine kwa mwanachama wa kijiji kingine, ili moto au mafuriko visizipate zote. Nakala ya tatu, mtandao ukiruhusu, iwekwe kwenye hifadhi ya intaneti, na neno la siri lijulikane na watu watatu, si na kijana mmoja ambaye kesho ataolewa Morogoro. Hata diski zina umri. Waliorekodi harusi kwa mikanda ya VHS miaka ya 1990 wanajua: mkanda umeingia ukungu, na mashine ya kuuchezesha haipo. Basi kila baada ya miaka michache mnakili upya. Na liwepo daftari: tarehe, mahali, nani amerekodiwa, nani amerekodi, kuhusu nini, na nani ameruhusiwa kuona.

Hilo la mwisho ndilo zito. Si kila kitu ni cha kila jicho. Mambo ya ndani ya unyago, mnayajua wenyewe, hata hapa siyataji kwa kuwa baba zetu wamekaa pale nyuma. (Kicheko) Yapo yasiyorekodiwa kabisa, na mkiyaacha yaende na wenyewe hamjafanya dhambi. Yapo ya kurekodiwa na kuonwa na wanawake waliopita tu. Yapo ya ukoo mmoja. Na yapo ya wote, kama ufinyanzi, mapishi, hadithi za jioni, nyimbo za kulima. Waamuzi ni wazee wenyewe, na waamue kabla simu haijawashwa. Mkishaituma kwenye kundi la WhatsApp, imekwenda. Itawafikia watu wa Dubai kabla haijafika kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Aliyerekodiwa ndiye wa kwanza kutazama. Mpelekeeni bibi nyumbani, mketi naye, aone. Akisema "hapo toeni," toeni, hata kama ndipo palipopendeza. Hiyo nayo ni kama kusoma daftari mbele ya kikao.

Je, alipwe? Nimeulizwa hili na wanachama wawili. Wengine wanaogopa kwamba tukianza kulipa, kila mzee atataka bei. Mimi naona siku nzima ya mtu mzima ina gharama: hakwenda shamba, kuni alizochomea zimenunuliwa. Afidiwe siku yake kutoka mfuko, kama mnavyomfidia Katibu nauli. Na apewe nakala.

Machache ya ufundi, haraka haraka. Simu ilazwe, isisimamishwe. Zimeni redio, na mkiweza kamateni yule jogoo. Mwanga uwe mgongoni kwa mpiga picha. Sauti ni muhimu kuliko picha. Watu huvumilia picha yenye ukungu, ila sauti isiposikika wote huondoka. Msikatekate: kuanzia kuchimba udongo hadi kuepua, hata kama ni siku tano, rekodini hatua zote, na hatua moja irekodiwe kwa urefu wake bila kusimama. Mwanzoni mtaje tarehe, mahali na ruhusa. Na tafadhali, bibi aongee Kishambaa. Mkimlazimisha Kiswahili cha redioni mtapata nusu ya maarifa yake, na mtakosa majina ya udongo, ya kuni, ya nyufa. Tafsiri itafuata kwa maandishi chini. Anayerekodi awe binti au mjukuu anayeielewa lugha ile walau kwa kusikia, na yule ambaye haielewi atajifunzia hapo.

Mwisho ni barua iliyo mezani. Sisemi mwakatae hao ndugu. Huenda ni watu wema wenye kamera bora kuliko zetu zote. Ila mwaka fulani walikuja wengine, siwataji, wakarekodi ngoma siku mbili, wakatuahidi kaseti, na mpaka leo hatujaona hata picha moja. Karatasi waliyoleta hawa nimeisoma kwa ruhusa ya Mwenyekiti. Inasema mnawapa haki zote, mahali pote, milele. Neno "milele" kwenye karatasi ya pesa ya mara moja! Ninyi hata mkopo wa miezi mitatu mnauandikia dhamana. Waambieni hivi: tutawaruhusu kwa kazi moja inayojulikana, kwa muda unaotajwa, nakala kamili ya yote mliyorekodi, siyo yale mliyochagua tu, ibaki kwenye kasha letu, mabinti zetu wawili washike kamera pamoja nanyi, na ikiuzwa, kuna asilimia ya kikundi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayatambua masimulizi, ngoma na sanaa za jadi kuwa vitu vinavyostahili kulindwa, kwa hiyo hamuombi hisani. Na kama ninyi nanyi mtataka siku moja kuuza filamu yenu au kuionyesha hadharani kwa kiingilio, pitieni kwa Afisa Utamaduni wa wilaya mjue taratibu za vibali vya Bodi ya Filamu kabla, siyo baada.

Wakikubali, vizuri. Wakikataa, wala msigombane nao, wapeni chai waende.

Lakini lolote mtakaloamua juu ya barua, msilifunge pamoja na bibi. Kikao chenu ni Alhamisi ijayo. Yeye ameniambia udongo mzuri huchimbwa kabla mvua hazijakolea, na mawingu mnayaona. Yuko tayari wiki hii. Simu yangu si mpya ila kamera yake inafaa, nimemwachia Katibu pamoja na chaja, mnirudishie mkishanunua yenu. Wajukuu zake wawili wamekubali, mmoja kushika simu na mmoja kushika daftari. Kinachokosekana ni kuni na mtu wa kumsaidia kubeba udongo kutoka kijitoni, na hapo naona mikono mingi tu.

(Makofi na vigelegele)